Darasa langu la wanafunzi 84 halisemi neno

Barua

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari ya kata, mkoani Singida. Nina mwaka wa tatu kazini. Mwaka huu nimepewa Kidato cha Kwanza, mkondo wenye wanafunzi 84. Madawati hayatoshi, wengine wanabanana watatu kwenye meza ya wawili. Hayo nimeyazoea. Kilichonishinda ni ukimya.

Nikiuliza swali kwa darasa zima wanaitikia kama kwaya. "Are we together?" "Yes, sir!" Nikianza neno wanalimalizia kwa sauti moja mpaka mabati yanatikisika. Lakini nikimtaja mmoja kwa jina, anasimama, anainamisha kichwa, anachezea kalamu, na darasa linatulia kama tuko msibani. Watoto hawa hawa nawasikia wakati wa mapumziko wakibishana kuhusu Simba na Yanga, na hakuna anayekosa la kusema.

Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo kazini ya siku mbili kuhusu mbinu shirikishi. Tulielezwa kwamba wanafunzi wakijadili, wakiigiza na kuwasilisha, watajenga stadi za mawasiliano. Nilirudi na ari. Mada ilikuwa huduma ya kwanza. Nikawagawa makundi saba ya watu kumi na wawili, kila kundi nikalipa karatasi ya manila, nikawaambia wajadili maana na umuhimu wa huduma ya kwanza. Kila kundi likapata mwandishi mmoja na wasemaji wawili. Waliobaki walirudi kwenye mpira. Kwenye kuwasilisha, watu saba walisimama kwa zamu wakasoma sentensi ileile ya kitabuni. Mwalimu wa taaluma alipita dirishani akaniuliza kama nimefungua soko. Jioni mkuu wa shule aliniita, akasema kwa upole kwamba mtihani wa Kidato cha Pili hauulizi makundi, na kwamba niko nyuma ya azimio la kazi kwa wiki mbili.

Kipindi kilichofuata nilirudi kwenye maswali. Niliuliza mtu akitokwa damu puani afanyiwe nini. Binti mmoja, ambaye kwa kawaida hajitokezi, alinyoosha mkono akasema: "Bend the head down and press the noise." Darasa likaangua kicheko. Nikamrekebisha kwamba si "noise", ni "nose", nikawanyamazisha wenzake, nikampa nafasi kijana mwingine, aliyesema mgonjwa ainue kichwa juu. Kengele ikalia, nikawaachia nukuu wanakili. Tangu siku ile binti huyo hajafungua mdomo, na wiki iliyopita hakuonekana shuleni siku mbili, zote zina kipindi changu.

Niongeze kwamba shuleni kwetu ni Kiingereza tu. Anayenaswa akisema Kiswahili huvalishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake.

Naomba ushauri. Niachane na mbinu shirikishi nimalize mada? Na huyu binti nimfanyeje?

Mwalimu wa Biolojia, Singida

Jibu

Marahaba mwanangu.

Nianze na binti, kwa sababu barua yako yote imo kwenye sentensi yake, na nadhani hukuiona.

Alisema kichwa kiinamishwe na pua ibanwe. Ndivyo inavyotakiwa. Anayetokwa damu puani huketishwa, huinamishwa mbele kidogo, hubanwa sehemu laini ya pua kwa dakika kumi bila kuachia, naye hupumulia mdomoni. Yule kijana wa kuinua kichwa ndiye aliyekosea, ingawa watu wengi mitaani hufanya hivyo hivyo. Damu humshukia kooni, akaimeza, mwisho akatapika. Kwa hiyo katika watoto 84, mmoja alijua jambo ambalo hata wazazi wengi hawalijui, akapata ujasiri wa kulisema kwa lugha aliyoianza juzi, na alichopata ni kicheko na marekebisho ya neno moja. Jibu lenyewe hakuna aliyemwambia ni sahihi. Na kama ulivyoeleza, waliobaki wameondoka na la yule kijana.

Sikulaumu, nimelifanya mara nyingi kuliko wewe. Masikio ya mwalimu wa sekondari yetu yamezoezwa kusikia Kiingereza kwanza na somo baadaye. Watoto hulijua hilo mapema sana. Wakishajua kwamba mwalimu anasikiliza matamshi kuliko maana, njia salama ni kuitikia na kundi, maana kwenye kwaya hakuna anayesikika akikosea.

Unachohitaji kufanya kwake ni kidogo, ila kifanye kesho. Usimwinue, usimpe pole mbele za watu, wala usiwahutubie wenzake kuhusu tabia njema. Ingia darasani, sema: "Kipindi kile nilipewa jibu sahihi kuhusu damu puani nikalipita bila kulitambua. Kosa ni langu." Kisha uonyeshe namna ya kuinama na kubana pua, uwaambie wote wajaribu, kila mtu kwenye pua yake. Jina lake usilitaje. Darasa litakumbuka lenyewe ni nani. Na hizo siku mbili alizokosa, mtume mwalimu wa kike mnayeaminiana naye aulize taratibu. Huenda ni Biolojia, huenda ni jambo la nyumbani lisilokuhusu kabisa.

Sasa ukimya.

Wewe unaona watoto hawawezi kuwasiliana, huku wa Simba na Yanga hawashikiki. Jiulize pale mapumzikoni kuna nini ambacho darasani hakipo. Lugha ni tofauti, kweli, na nitaifikia. Lakini kuna kingine: kwenye ubishi wa mpira kila mmoja ana habari ambayo mwenzake hana, au ana msimamo ambao mwenzake anaukataa. Wewe uliwauliza maana ya huduma ya kwanza. Maana hiyo iko kitabuni, na wote 84 wana uwezo wa kuifungua ukurasa uleule. Mtu wa kundi la tatu atamwambia nini wa kundi la tano ambacho hakijui? Hata watu wazima tungesoma kwa zamu tukakaa.

Kwa hiyo kabla hujapanga makundi, panga kwanza nani atajua nini. Nikupe kipindi kizima, ukibadilishe utakavyo. Mada ni hiyo hiyo, ila tuchukue kuumwa na nyoka, kwa sababu hapo kila mtoto ana hadithi.

Dakika tano za mwanzo ziwe za Kiswahili. Ndiyo, za Kiswahili. Uliza: nyumbani kwenu mtu akiumwa na nyoka hufanywa nini? Hapo utapata kelele mpaka uombe zipungue. Atatokea wa kufunga kamba, wa kuchanja kwa wembe, wa kunyonya sumu kwa mdomo, na hakika atakuwepo wa jiwe la nyoka, lile jeusi linalogandishwa kwenye kidonda. Andika yote ubaoni bila kusema lipi zuri lipi baya. Kuwa na uso wa mcheza karata.

Kisha wagawie kadi wawili wawili. Mmoja anapata kadi A, inayoeleza yale ya kutofanya: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana damu, jiwe halitoi sumu. Mwenzake anapata kadi B, yenye ya kufanya: mtulize mgonjwa asitembeetembee, vua pete na bangili kabla hajavimba, kiungo kilichoumwa kifungwe kwa ubao kisitikisike kama kilichovunjika, awahishwe kituo cha afya. Kadi zote zimeandikwa kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi. Sheria ni moja: hakuna kuonyeshana kadi. Kila mmoja amweleze mwenzake, mwenzake aandike anachosikia kwenye daftari. Penye meza ya watatu, wa tatu apewe kazi ya kulinganisha walichosema na orodha ya ubaoni, akiweka alama kwa kila jambo lililokataliwa.

Kadi zote hizo zinatoka wapi? Kwenye migongo ya karatasi za mitihani ya zamani. Andika mbili wewe, wape watoto sita wenye hati nzuri wazinakili siku moja kabla. Watakaonakili watakuwa wamesoma somo kabla yako, nao ndio watakaowasaidia wenzao. Ufundi huu si wangu. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson aliutumia katika shule zilizokuwa zimeanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, waliokuwa hawapatani. Alimpa kila mtoto kipande cha somo ambacho wenzake hawakuwa nacho. Mtoto waliyezoea kumcheka walilazimika kumsikiliza, maana bila yeye somo lao lilikuwa na shimo. Mfikirie binti yako akiwa na kadi B.

Baada ya hapo ndipo uwarudishe ubaoni, mbele ya wote. Nani bado anatetea jiwe? Atakuwepo, na ni vizuri awepo. Mwache aseme, mwenye kadi A amjibu. Huo ndio mjadala. Wewe simama nyuma ya darasa, siyo mbele, uone inavyokuwa vigumu kufumba mdomo.

Nasema hivyo nikijua, kwa sababu ugonjwa wangu mkubwa miaka ile ulikuwa huo. Nilikuwa nauliza swali na kulijibu mwenyewe. Mtafiti wa Kimarekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili katika miaka ya 1970 akakuta kwamba walimu wengi wakishauliza husubiri kama sekunde moja hivi, kisha humtaja mwingine au hujijibu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliojitolea kujibu waliongezeka. Hao walikuwa wakifundishwa kwa lugha yao. Mtoto wako wa Singida analisikia swali kwa Kiingereza, analigeuza Kiswahili, anatafuta jibu, analigeuza tena Kiingereza, kisha anahakikisha halina la kuchekesha. Sekunde moja haimtoshi hata kwa safari ya kwanza. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano, ukikodolea macho dirisha. Utahisi ni mwaka mzima. Na kabla ya kumtaja yeyote, waambie wamwambie jirani kwanza. Anayesimama baada ya hapo anakuwa ameshalisema jibu lake mara moja mahali ambapo hakuna wa kumcheka.

Makundi ya watu kumi na wawili achana nayo. Huo ni mkutano, na mkutano una mwenyekiti na wasinziaji. Wawili au watatu wa meza moja wanatosha, na hakuna kiti cha kuburuta.

Kuhusu lugha nitasema wazi, wakubwa wasinikasirikie. Mtoto anasoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, anaingia Kidato cha Kwanza anapewa kozi ya Kiingereza ya wiki chache, kisha anaambiwa Biolojia, Fizikia na Jiografia zote ni Kiingereza. Tume ya rais kuhusu elimu, iitwayo Tume ya Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishwe kwa Kiswahili. Pendekezo halikutekelezwa, na mjadala unaendelea hadi leo. Mimi na wewe hatutaumaliza ubaoni kwako. Ila kile kibao cha shingoni nakichukia, sitaficha. Kinamfundisha mtoto kwamba kusema ni hatari na kunyamaza ni usalama, halafu tunamshangaa akinyamaza. Huwezi kukiondoa peke yako, lakini mwombe mkuu ruhusa ya jambo moja: ndani ya kipindi chako, kufikiri na kujadiliana na jirani kuwe kwa lugha yoyote, kuwasilisha mbele ya darasa kuwe kwa Kiingereza. Mweleze kwamba Kiswahili ni ngazi na si godoro. Mkuu anayeongea kwa upole kama wako huenda akakubali, mradi aone ngazi inafika juu.

Ili ifike, wape vishikio. Pembeni mwa ubao acha sentensi mbili tatu zilizokatwa nusu ambazo mtoto atazimalizia: "I agree because…", "My card says…", "At home we…". Ziache hapo mwezi mzima, zisifutwe hata na wa zamu. Chini yake weka maneno ya mada yenye Kiswahili chake: sumu, uvimbe, kidonda. Ungekuwa umeandika pua hapo, binti yako angelisoma neno badala ya kulibahatisha.

Kicheko je? Hukifuti kwa fimbo wala kwa mahubiri. Nilipokuwa mtoto, jioni tulitegeana vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Unajaribu, unakosea, unajaribu tena, unashindwa. Basi mtegaji anasema, "Nipe mji." Unampa mji, Tabora, Kilwa, popote unapopenda, anasafiri kidogo huko kwa maneno yake, kisha anakwambia: yai. Hakuna aliyekwenda kulala kwa aibu kwa sababu hakujua yai. Kushindwa kulikuwa na njia ya heshima, tena ya kufurahisha.

Niliuhamishia mchezo huo darasani nikiwa nimeshazeeka, nikajuta kuchelewa. Anayesimama akakwama anaruhusiwa kusema "nakupa mji", anataja mji, anakaa. Anayepokea mji ndiye anayejibu, na akimaliza humwuliza yule wa kwanza kama ameridhika. Wanacheka, ndiyo, lakini wanaucheka mji, hasa kila mtu akianza kutoa Paris. Mwito wenyewe wa "Kitendawili!" na "Tega!" utakusaidia kurudisha utulivu baada ya mazungumzo ya wawili wawili bila kugonga meza na dasta. Na mwalimu wa taaluma akipita atajua kuna utaratibu.

Huyo naye usimkwepe. Mkaribishe. Usimkaribishe mwanzoni, mkaribishe dakika kumi za mwisho za kipindi cha nyoka, umwombe amuulize mtoto yeyote, aliyemchagua yeye, kwa nini tusimchanje mgonjwa. Kelele za soko zinamsumbua kwa sababu hakuona kilichouzwa.

La azimio la kazi ni la kweli, sitalipuuza. Huwezi kufundisha kila mada hivi na mwaka ukatosha. Nami siamini kwamba kila kipindi kinahitaji kadi. Kuna mambo ambayo mwalimu anayejua kueleza akisimama akayaeleza vizuri kwa dakika kumi na tano, ameokoa siku mbili. Uainishaji wa viumbe, kwa mfano, anza kwa kueleza, kadi baadaye. Chagua kipindi kimoja kwa wiki, cha mada ambayo watoto wana maoni au uzoefu nayo. Siku nyingine kusubiri sekunde tano na kumwambia jirani kwanza hakukugharimu chochote. Nukuu zipunguze: badala ya kunakili ukurasa ubaoni, acha alichoandika kwenye daftari akimsikiliza mwenzake kiwe nukuu, nawe usahihishe madaftari kumi kila mara, siyo 84. Na ukiulizwa tena kuhusu mtihani wa Kidato cha Pili, sema kwamba nao una maswali ya kueleza sababu, na mtoto ambaye hajawahi kueleza kwa mdomo hupata tabu kueleza kwa kalamu.

Tahadhari moja. Kipindi cha kwanza cha kadi kitavurugika. Wataonyeshana kadi chini ya meza, wengine watazisoma kwa sauti kama risala, watatu hivi watazipoteza. Usikihesabu. Hesabu kuanzia cha tatu.

Na siku ya kugawa kadi za nyoka, ifanye ionekane imetokea tu kwamba kadi B imeangukia meza ya yule binti. Mkalishe na mtu mpole, asiye mjuaji sana wa Kiingereza, ambaye atahitaji kweli kusikia kilichoandikwa humo. Wewe pita mbali na meza hiyo. Uende dirishani, ukahesabu.